Gari Lililochakaa Likiwa Limesimama

Fundi alinishika mkono, akaingiza kidole gumba changu ndani ya silinda ya tatu. "Pitisha juu mpaka chini," akasema. Nikapitisha. Ukuta ulikuwa laini kama kioo cha chemli. Akanieleza kwamba silinda yenye afya haiwi hivyo: huwa na mikwaruzo myembamba iliyopishana kama msuko wa mkeka, imechorwa makusudi ili oili ipate pa kujishika. Yangu ilikuwa imefutika yote. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua inapiga mabati ya gereji pale Magomeni, Mtwara, na injini ya gari langu imelazwa vipande vipande juu ya turubai. Gari lenyewe nilikuwa nimelinunua miezi mitano tu kabla ya hapo. Mita yake ya kilometa ilisoma 148,000.

Namba ile ndiyo iliyonitoa fedha mfukoni. Lilikuwa Toyota Land Cruiser, pikapu ya kazi, mabenchi mawili nyuma, injini ya 1HZ ya dizeli isiyo na turbo, silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa cc 4,164. Zamani lilibeba namba za PT, yaani lilikuwa gari la polisi. Huku kwetu magari ya namna hiyo yote tunayaita difenda, hata yakiwa ya Toyota. Jina lilibaki tangu enzi za Land Rover na halijaondoka. Mfanyabiashara aliyeniuzia alilipata mnadani, ambako magari ya aina hii huuzwa kama yalivyo na mahali yalipo. Akalisafisha, akalipiga rangi nyeupe, likapata namba mpya za T. Mpango wangu ulikuwa kubeba korosho kutoka vijijini Tandahimba mpaka kwenye ghala la chama cha msingi, na nje ya msimu nibebe mihogo, mbao, abiria, chochote kilichopo. Land Cruiser za watu binafsi nilizokuwa nimezikagua zilikuwa na laki tatu, laki nne. Nilipoiona 148,000 nikasema moyoni, hili bado bichi. Sikumwita fundi. Nikalipa.

Desemba nikaanza kuongeza oili. Kwanza lita moja kwa wiki mbili, halafu lita kwa wiki, halafu nikawa natembea na dumu nyuma ya kiti. Januari moshi wa buluu ukawa unanifuata kila nikiondoka mahali niliposimama kwa muda. Februari, gari likiwa na magunia kwenye mchanga, lilikuwa linatetemeka mpaka abiria wanashuka wenyewe bila kuambiwa. Matengenezo yalikula zaidi ya milioni tano, na ilikuwa fedha ya ada ya watoto wangu wawili. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Natamani mtu angeniandikia mimi kabla ya Oktoba ile.

Laiti ningegawa tu. Gari lilikuwa na miaka 14. Gawa 148,000 kwa 14, kisha kwa siku za mwaka, unapata kilometa 29 hivi kwa siku. Hiyo ni safari ya Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi, ukaongezea mizunguko michache ya mjini. Gari la doria, linalotumika mchana na usiku, linawezaje kwenda kilometa 29 tu? Muda uliobaki halikuwa limelala. Lilikuwa limesimama likinguruma.

Mafundi wetu wanaiita sailensi: injini inazunguka polepole, gari halitembei. Gari la polisi maisha yake yako kwenye sailensi. Linasimama njia panda usiku, linasimama mbele ya benki, linasimama uwanjani siku ya mkutano au mechi, linasimama barabarani ajali inapopimwa. Redio ya mawasiliano inakula betri, taa za juu zinakula betri, na wito ukija hakuna anayetaka kusikia starta ikikohoa. Kwa hiyo halizimwi. Sisemi hivi kwa kulaumu. Ndiyo kazi ya gari lile, na dakika ya kuhangaika kuwasha inaweza kuwa dakika ya mtu anayevuja damu mahali fulani. Nasema kwa sababu mita ya kilometa inachukua habari zake kwenye gia boksi. Magurudumu yasipozunguka, yenyewe haijui kitu.

Na injini ya dizeli haipendi sailensi. Wengi wetu tunadhani kunguruma taratibu ni kupumzika. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na 1HZ huibana hewa zaidi ya mara 22. Ikiwa na mzigo mlimani, ndani mnakuwa moto mkali na mafuta yanaungua vizuri. Kwenye sailensi mafuta yanayoingia ni kidogo, joto linashuka, na sehemu ya dizeli haiungui. Dizeli hiyo inateremka kwenye ukuta wa silinda, inaosha utando wa oili, inachuruzika mpaka kwenye oili ya chini na kuifanya nyepesi. Masizi yanajaa kwenye mifereji ya ringi, zile pete zinazovikwa kwenye pistoni, hadi ringi zinakwama. Tena ringi zenyewe husukumwa na presha ya gesi ili zibane ukuta. Presha ikiwa ndogo hazibani sawasawa, zinapapasa tu, na ukuta unang'aa siku baada ya siku. Pampu ya oili nayo inazunguka polepole, kwa hiyo beringi za shafti zinapata oili kwa presha ndogo. Saa moja ya hivyo haina neno. Miaka 14 ya hivyo ndiyo kile kioo nilichokigusa kwa kidole gumba.

Marekani hili wamelijua siku nyingi, kwa sababu huko magari ya polisi yaliyostaafu huuzwa kwa raia kwa wingi. Kwa miaka mingi gari lao la polisi lilikuwa Ford Crown Victoria, sedani kubwa yenye injini ya petroli ya V8 ya lita 4.6, mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2011. Ford wenyewe walitoa kipimo kwa wanaotunza magari hayo: saa moja ya sailensi ihesabiwe kama maili 33 za barabarani, yaani karibu kilometa 53. Crown Victoria za miaka ya mwisho zilionyesha saa za injini kwenye dashibodi, na magari ya polisi yaliyofuata yakatenga saa za sailensi peke yake. Mnunuzi wa kule anabonyeza kitufe, anasoma.

Kipimo kile ni cha petroli ya kwao, na sikichukui kama sheria kwa dizeli ya Toyota. Lakini nilikaa na kalamu. Tuseme saa tatu za sailensi kwa siku, siku 300 kwa mwaka: saa 900. Zidisha kwa 53, ni kilometa 47,700 kila mwaka ambazo mita haikuziona. Kwa miaka 14 ni zaidi ya laki sita na nusu. Hata ukiamini robo yake tu, bado inaizidi ile 148,000 niliyoishangilia.

Kuna na taa ndogo kwenye dashibodi ya gari la 1HZ, imeandikwa T-BELT. Inawaka kilometa zilizopangwa zikitimia, kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi ubadilishwe. Nayo inahesabu kilometa. Mkanda unazunguka kila injini inapozunguka, gari liende lisiende, na ukikatika pistoni zinagonga vali. Kwa gari lililotoka polisi mimi siisubiri taa ile. Mkanda unabadilishwa kabla gari halijabeba hata gunia moja.

Mwaka uliofuata mjomba alinipigia kutoka Tandahimba. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito. Akikutuma hujibu kwa maneno, unajibu kwa miguu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Fedha ya korosho imeingia benki. Kuna difenda hapo Chikongola nimeelekezwa, kilometa laki moja na kumi na mbili. Nenda ukaniangalizie kabla hawajalichukua wengine."

Nilimwomba anipe siku tatu. Akanipa mbili. Nikaenda kwa fundi yule yule wa Magomeni, mzee aliyezitengeneza injini hizi tangu zilipokuwa mpya, na kwanza akakataa kwenda saa nne kama muuzaji alivyotupangia. "Saa kumi na mbili asubuhi," akasema, "tumsubiri getini. Gari la kununua unalikuta limelala." Tukafanya hivyo. Muuzaji alipofika, fundi alilaza kiganja juu ya boneti, ikafunguliwa, akashika na injini yenyewe. Ilikuwa ya baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha karibu kila kitu unachokitafuta.

Akanionya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mtwara ni pwani, hata Julai usiku wake ni nadra kushuka sana chini ya nyuzi 20, na injini iliyochoka inasaidiwa na hali ya hewa kuwaka. Gari hilo hilo ukilipeleka Makete asubuhi ya Juni linakuumbua. Kwa hiyo huku kwetu likiwaka upesi usifurahi haraka. Sikiliza sekunde kumi za kwanza: je, silinda zote sita zimeamka pamoja? Lile la Chikongola liliwaka mara moja, likatetemeka kidogo upande mmoja, likatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, kisha likatulia. Muuzaji akatabasamu. Fundi akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Halafu akafanya jambo ambalo naona ndilo kipimo hasa cha gari la polisi. Aliliacha kwenye sailensi. Dakika 30 nzima. Muuzaji akaanza kulalamika kuhusu mafuta, nikamlipia. Muda huo tukatumia kutazama vitu vinavyohesabu saa bila mita: raba ya pedali ya klachi ilikuwa imekwisha mpaka chuma kimechungulia, kiti cha dereva kimezama upande wa mlango, na mlango wa dereva umelegea bawaba kuliko wa abiria. Kwenye laki moja na kumi na mbili ya kweli pedali haifiki hapo. Ama mita ilikufa kwa kipindi fulani, ama watu walipanda na kushuka mara nyingi mno kwa safari fupi fupi, na yote mawili ni habari.

Dakika 30 zilipotimia, fundi akakanyaga mafuta mara moja kwa nguvu. Wingu la buluu likatoka likafunika ukuta wa jirani. Akakanyaga tena, likapungua. Mara ya nne ilikuwa moshi mwepesi tu. Buluu ni oili inayoungua: wakati wa sailensi ilikuwa inapenya kidogo kidogo na kujikusanya, ukikanyaga inachomwa kwa pamoja. Mtu anayelijaribu gari kwa kuzunguka mtaa dakika tano hawezi kuliona wingu lile. Mimi sikuliona kwenye la kwangu.

Injini ikiwa bado inanguruma alifungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza, akakilaza juu ya tundu bila kukifunga. Kikacheza cheza lakini kikabaki palepale. Gesi inayovuja kupita ringi ndiyo inayokiinua. La kwangu, alinikumbusha, lilikirusha mpaka kwenye tope. Akavuta dipstiki. Weusi wa oili ya dizeli si hoja, oili ya dizeli huwa nyeusi mapema. Yeye aliinusa, akaisugua kati ya vidole viwili, akatazama kimo. Oili iliyopanda juu ya alama bila mtu kuongeza, tena nyepesi na yenye harufu ya dizeli, imechanganyika na mafuta yasiyoungua.

Kisha akalegeza bomba la hewa mbele ya chujio, upande wa kwenda kwenye injini, akapitisha kidole ndani. Kikatoka na vumbi jekundu. Hapo uso wake ulibadilika kuliko alipoona moshi. Aliyewahi kupita Tandahimba na Newala wakati wa kiangazi anajua mchanga ule unavyoingia hadi kwenye meno. Vumbi lililovuka chujio halisimami popote mpaka lifike kwenye silinda, na kule linafanya kazi ya msasa. Sailensi inang'arisha ukuta taratibu, vumbi linaukwangua. Gari lililopata vyote viwili lina madeni mawili.

Tulikwenda nalo Mikindani ili lipate moto, na wakati wa kupanda kurudi mjini fundi alinitaka nitazame mshale wa presha ya oili, si barabara. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Juu ya mwinuko mshale ulikuwa mahali pake. Tuliposimama na kuliacha kwenye sailensi, injini ikiwa moto sasa, ukashuka taratibu mpaka karibu kabisa na mstari wa chini. Asubuhi, oili ikiwa ya baridi na nzito, mshale ule ule ulisimama vizuri. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza hali ya beringi, au wembamba wa oili, au vyote.

Cha mwisho kilikuwa geji ya kompresheni, inayopima kila silinda inavyoibana hewa. Si kila muuzaji anakubali plagi za kupasha moto zifunguliwe uani kwake, na huyu alisitasita mpaka fundi alipomwambia kwamba akikataa tunaondoka. Silinda tano zilisoma karibu karibu. Ya sita, ile ya nyuma kabisa, ilikuwa chini yao kwa zaidi ya robo. Fundi anasema namba moja peke yake inaweza kudanganya, geji zenyewe zimechoka. Silinda kutofautiana na wenzake hakudanganyi.

Kwa haki niseme muuzaji alikuwa mwungwana. Alitupa namba ya dereva wa zamani wa gari lile, mstaafu anayeishi Lindi. Nilimpigia, nikajitambulisha, nikamwamkia. Akacheka aliposikia gari bado lipo.

"Nimeliendesha miaka sita," akasema. "Usiku halikuzimwa, mwanangu. Linanguruma mpaka kunakucha. Lakini oili ilibadilishwa kwa wakati wake, na halikuchemsha hata siku moja, hilo nakuapia."

Hilo la kutochemsha lilinipa nguvu kuliko yote, kwa sababu 1HZ iliyochemsha inaweza kupata ufa kwenye silinda hedi, na ufa huo unaweza kujificha hata baada ya kutengeneza vingine vyote. Maji ya rejeta yalikuwa safi, bila utando wa oili. Maneno ya mzee na maji yakaelekeana.

Fundi alinieleza uamuzi wake tukiwa tunakunywa chai. Chesisi nzima, haijachomelewa. Gia boksi na difu nzima, na ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa sailensi haizigusi hizo. Gari la polisi mara nyingi huwa na mwili mzuri kuliko moyo. "Mwambie mjomba wako alinunue kama gari lisilo na injini," akasema. "Bei ikiwa hiyo, achukue. Bei ikiwa ya kilometa laki moja na kumi na mbili, aache."

Nilimpigia mjomba nikamsomea kila kitu, pamoja na vilivyoandikwa kwenye kiganja cha fundi. Alinyamaza muda. Mtu aliyepalilia, akapulizia salfa, akaokota korosho moja moja, hapendi kusikia kwamba fedha yake itanunua kitu kibovu. Akauliza swali moja tu: "Ingekuwa yako, ungefanyaje?" Nikamwambia ningetoa gharama ya matengenezo yote kwenye bei, ningesimama hapo, na ningekuwa tayari kulikosa. Tukasimama hapo siku tisa. Siku ya kumi muuzaji akapiga simu.

Injini ilishushwa kabla ya msimu. Silinda zikachongwa, zikawekewa pistoni na ringi za ukubwa unaofuata, beringi mpya, mkanda mpya, na bomba la hewa likabanwa vizuri. Nilimwomba fundi anionyeshe silinda ya sita kabla ya kufunga. Nikapitisha kidole gumba. Ile mikwaruzo ilikuwepo, inakwaruza ngozi kidogo.

Mimi nikaongeza kitu kimoja kwa fedha yangu: mita ya saa, ile inayofungwa kwenye majenereta na matrekta. Imeungwa kwenye swichi ya presha ya oili, kwa hiyo inahesabu pale tu injini inapozunguka. Mjomba ana daftari la shule ambamo anaandika saa upande wa kushoto na kilometa upande wa kulia, na oili inabadilishwa kwa kufuata upande wa kushoto. Juzi alinipigia akiwa kwenye foleni ya magari nje ya ghala, akanisomea: saa 1,116, kilometa 31,240. Nikamuuliza foleni ni ndefu kiasi gani. Akasema mbele yake kuna magari kama kumi na tano, halafu nikasikia injini inazimwa.